Programu Iliyotutaka Tuchague

Nchi ninayoisimulia haipo. Wakubwa wameniuliza mara nyingi kama ipo, nikawahakikishia haipo, wakafurahi, wakanipa ruhusa ya kuendelea. Basi wewe msomaji ukiona humu jambo linalofanana na la kwenu, usije kunisumbua. Kawaulize wa kwenu.

Katika nchi hiyo hakuna dhuluma, kuna tahadhari tu. Kila mtumishi wa serikali amepewa mwenza, yaani mtu wa kukaa naye meza moja na kumwangalia kwa upendo asije akapotoka. Mwenza naye ana mwenza wake, na huyo ana wake, hivyo hivyo kupanda juu mpaka kwa Mlezi wa Taifa, ambaye anaangaliwa na picha yake mwenyewe iliyoko ukutani. Chai hatuinywi mpaka tumebadilishana vikombe. Nasikia kuna nchi ambako mtu anakunywa tu kikombe alichowekewa mbele yake. Nawahurumia sana watu wa huko, sijui wanalalaje.

Mimi naitwa Pazi na kazi yangu ni umwenza. Nilipangiwa Bi Stumai Kilongo, Fundi Mkuu wa Mtandao wa Taifa, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Jambo hilo lilinitesa, maana mtu asiyesema humfanya mwenza wake aonekane mvivu. Wenzangu walikuwa wanapeleka taarifa nene, mimi napeleka "leo amekohoa". Mimi mwenyewe niliangaliwa na Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyekaa nyuma yangu akifuma vitambaa vya meza. Hakuwahi kuniuliza swali hata moja. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

*

Taabu ilikuja pale mtandao wa taifa ulipoanza kukatika. Ulikatika asubuhi watu wakiingia kazini, ukarudi jioni wakitoka. Benki zikawa zinafungua milango ili wateja waje kuambiwa warudi kesho. Daktari wa hospitali kuu akiomba majibu ya vipimo vya mgonjwa, anapata ya mgonjwa wa wiki iliyopita, na huyo keshazikwa. Hayo tuliyavumilia, sisi ni watu wavumilivu. Lakini siku moja Mlezi wa Taifa alikuwa anahutubia, picha ikaganda, akabaki kwenye kila runinga ya nchi mdomo wazi, jicho moja limefumba, tangu asubuhi mpaka watu wametoka kazini. Waliozima runinga walihojiwa kwa nini wamemzima. Walioziacha zikiwaka walihojiwa kwa nini walikuwa wanamtazama katika hali ile.

Idara ya Tahadhari, chini ya Kanali Ngwesheni, ilifanya uchunguzi wa haraka. Mhalifu alipatikana kabla uchunguzi haujaanza. Alikuwa Shomari Kilongo, fundi wa nyaya, mdogo wake Bi Stumai. Ushahidi ulikuwa wa kutisha. Alikutwa na ngazi, alikutwa na koleo, na zaidi ya mtu mmoja walimwona akiwa juu ya nguzo.

"Afande, kupanda nguzo ndiyo kazi yake," Bi Stumai alimwambia Kanali.

"Umeona alivyojipanga?" Kanali akajibu. "Alianza kwa kutafuta kazi."

Shomari akapelekwa kupumzishwa. Kwetu hatusemi mtu amefungwa, tunasema anapumzishwa, na mapumziko yenyewe ni chumba cha chini katika jengo la Idara. Kesi yake ikapangwa isikilizwe Siku ya Taifa. Kesi za Siku ya Taifa husikilizwa uwanjani, baada ya gwaride na kabla ya ngoma, na hukumu yake ni moja tu ili kuokoa muda. Aliyehukumiwa haioni ngoma.

Bi Stumai ndiye aliyemlea huyo kijana tangu mama yao alipofariki. Alimnunulia viatu vya shule, akamfundisha kuunga waya, akamtafutia hiyo kazi iliyomponza. Kuanzia siku kijana alipochukuliwa, Bi Stumai alikuwa anakaa mbele ya kompyuta yake bila kuiwasha. Niliandika kwamba ametulia.

Kwa bahati, wakati huohuo ilifika programu ya kusimamia mtandao, ambayo Bi Stumai alikuwa ameiomba kwa miaka mingi mpaka akasahau kama aliiomba. Programu hiyo ilikuwa na uwezo wa kuuliza kila mtambo nchini kama ni mzima, na pale penye hitilafu kuwasha nukta nyekundu kwenye ramani.

"Pazi," akaniambia tukibadilishana vikombe, "jana mtandao umekatika, na Shomari yuko ndani. Hawezi kuwa yeye. Ramani ikiwaka, watapaona panapokatika kwa macho yao. Nukta moja tu, mdogo wangu anarudi nyumbani."

Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipa sentensi zaidi ya mbili, na nilijisikia fahari.

Akaanza kuisimika ile programu. Ilikwenda vizuri, ikajipakia yenyewe, ikasalimia. Kisha ikasimama, na kwenye kioo yakatokea maneno yaliyoondoa watu wote chumbani, mpaka mfagizi akaacha ndoo yake katikati ya mlango: Tafadhali chagua mtindo wa kuendesha michakato.

*

Lazima nieleze. Kwetu hatuchagui. Tunaafiki. Ili mtu aafiki, sharti kuwe na mwingine aliyekwisha kuchagua, na huyo naye atakwambia yeye aliafiki tu. Ukifuatilia utafika mahali fulani kwenye ukungu, na ukishafika hapo unashauriwa kurudi. Hata kwenye uchaguzi wetu mkuu, raia huingia kwenye kibanda, akaikuta karatasi imeshawekwa alama, akaiafiki, akatoka amepakwa wino kidoleni. Huu ni utaratibu mzuri unaozuia ugomvi. Sasa hebu fikiria programu ya kigeni inayoingia katika nchi ya watu wenye adabu na kusema "chagua", bila hata kudokeza mkubwa anataka nini.

Bi Stumai angeweza kubonyeza kitufe mwenyewe. Aliunyoosha mkono, nikakohoa. Kuchagua bila kamati kwetu ni kosa linaloitwa kujichagulia, na mtu mwenye ndugu mapumzikoni hana ruhusa hata ya makosa madogo. Akaurudisha mkono.

Ikaitwa Kamati ya Taifa ya Kuafiki. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Kidundo, mtu mnene wa sauti, ambaye alifungua kikao kwa hotuba ninayoikumbuka mpaka leo.

"Ndugu wanakamati, ndugu wenza wa wanakamati, na ndugu wenza wa wenza," alisema. "Tumekutana katika wakati ambao haujawahi kuwa wakati mwingine. Mtandao ni mtandao. Nchi isiyo na mtandao ni nchi, naam, lakini haina mtandao. Kwa maneno hayo, sitaki kuwapotezea muda, nitarudia."

Akarudia. Kisha Bi Stumai akapewa nafasi ya kueleza, akiwa amesimama, mimi nyuma yake, na Bi Mwanahawa nyuma yangu na uzi wake.

"Waheshimiwa, programu hii ina kazi nyingi," alisema. "Inauliza mitambo, inapokea tahadhari, inatunza kumbukumbu, inachora ramani. Kila kazi ikifanywa ndani ya kompyuta inaitwa mchakato. Inatuuliza tunataka mtindo gani. Mtindo wa kwanza, kazi zote zinabebwa na mchakato mmoja. Ni mwepesi, lakini ule mmoja ukianguka, kila kitu kinaanguka."

Kanali Ngwesheni aliweka kalamu mezani taratibu sana.

"Nani kaanguka?" akauliza.

"Mchakato, Afande."

"Huo mmoja unaobeba kila kitu."

"Ndiyo."

"Katika nchi hii anayebeba kila kitu ni mmoja na tunamjua," Kanali alisema. "Wewe umesimama mbele ya kamati unatuambia kwamba anaweza kuanguka."

Waziri Kidundo akaomba isikike kwamba yeye wakati huo alikuwa anafunga kamba ya kiatu na hakusikia. Wanakamati wengine nao wakainama kufunga viatu, pamoja na wale waliovaa ndala.

Bi Stumai akaendelea na mtindo wa pili. Kila kazi inapewa mchakato wake wa kujitegemea. Mmoja ukifa, mingine inaendelea na kazi kama kawaida. Huu ndio aliopendekeza yeye kwa mtandao mkubwa kama wetu.

"Mmoja akifa, wengine wanaendelea kama kawaida," Kanali alirudia polepole, kama mtu anayeonja mboga. "Hakuna maombolezo. Hakuna bendera nusu mlingoti. Halafu kila mmoja anajitegemea. Leo mchakato, kesho mkoa."

Mheshimiwa Kidundo akasema kwa uchungu kwamba programu hii si ya kawaida, kwamba imetumwa. Ukichagua wa kwanza wewe msaliti, ukichagua wa pili wewe msaliti, na aliyeitengeneza amekaa huko kwao anacheka. Mimi binafsi nilikubaliana naye kabisa. Nilikitazama kile kioo kwa jicho jipya, nikaona kweli kile kialama kinachowakawaka kina dharau.

"Upo mtindo wa tatu," Bi Stumai alisema. "Kila kazi na mchakato wake, na juu ya michakato yote kuna mlinzi mmoja wa kuitazama. Ukilala mmoja, anauamsha."

Kanali Ngwesheni akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake, na sina haja ya kuyaona tena.

"Sasa unasema," alisema. "Na huyo mlinzi, anatazamwa na nani?"

"Hatazamwi, Afande. Yeye ndiye wa mwisho."

"Hakuna wa mwisho," Kanali alisema.

*

Kamati ikaafiki mtindo wa tatu, ukiwa umeboreshwa. Kila mchakato upewe mchakato mwenza. Mwenza apewe mwenza. Na kadhalika, mpaka nafasi ya kompyuta itakapokwisha. Bi Stumai alijaribu kueleza kwamba mashine itachoka.

"Sisi tumechoka?" aliulizwa.

Akaupanga kama alivyoamriwa. Siku ya kuiwasha tulialikwa wote. Seva, ile kompyuta kubwa ya mtandao, ikaanza kuvuma. Ikavuma ikazidi, feni yake ikalia, chumba kikapata joto mpaka Waziri akavua koti. Kwenye kioo yakaanza kupita maneno kwa kasi: Upo? Nipo. Wewe upo? Nipo, na yule yupo? Yupo, nimemwuliza. Nani kakutuma umwulize? Yakapita hivyo asubuhi yote. Ramani haikutokea. Hapakubaki nafasi ya kuichora.

Mheshimiwa Kidundo alifuta jicho kwa leso. "Ni kama sisi kabisa," alisema.

Ikatangazwa redioni kwamba programu inafanya kazi. Ni kweli ilikuwa inafanya kazi, tena kwa bidii, hata usiku. Mtandao ukaendelea kukatika asubuhi na kurudi jioni, na Siku ya Taifa ikawa inakaribia. Uwanjani walianza kupaka chokaa. Watoto wa shule walikuwa wanapita barabarani wakifanya mazoezi ya halaiki, na kila ngoma zilipolia Bi Stumai alifunga dirisha. Alikuwa amekonda. Chakula alichokuwa anapeleka Idarani kwa ajili ya mdogo wake kilirudishwa kila siku kimechunguzwa mpaka kikaisha.

Nilimwonea huruma. Sisemi kwamba niliionyesha, nasema nilimwonea.

Asubuhi moja akainuka kitini ghafla, akaenda moja kwa moja kwa Kanali, sisi wawili nyuma yake mbio mbio. Alivyozungumza siku ile, ungedhani amezaliwa Idarani.

"Afande, ule mtindo wa pili," alisema. "Wa kujitegemea. Nimelala nikiuwaza. Una usaliti."

"Nilisema mimi," Kanali alijibu.

"Lakini hatujui una usaliti kiasi gani. Tukiuacha uingie kidogo, chini ya ulinzi, utajionyesha. Atakayekuwa anashirikiana nao naye atajionyesha. Iwe mtego."

Neno hilo lilimwingia Kanali kama sukari kwenye chai. Alisimama, akazunguka meza, akakaa. Akaamuru seva izungukwe na askari wenye silaha, wamelenga mashine, na Kamati ije kushuhudia. Kwa kuwa ulikuwa mtego, hakuna aliyekuwa anachagua kitu. Bi Stumai akabonyeza kitufe.

Mvumo ukashuka. Chumba kikawa kimya mpaka nikasikia sindano za Bi Mwanahawa. Halafu ramani ya nchi ikajichora kwenye kioo, mstari kwa mstari, milima na mito na miji, na nyaya zote zikawaka kijani. Tulikuwa hatujawahi kuiona nchi yetu ikiwa imekaa hivyo.

Ikawaka nukta nyekundu. Moja tu, katikati ya mji mkuu. Bi Stumai akaikuza. Ukaja mtaa. Akaikuza tena. Likaja jengo la Idara ya Tahadhari.

*

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kila mtu mjini alilijua na hakuna aliyelisema. Kila ofisa wa Idara alikuwa amejiungia waya wake mwenyewe kwenye laini kuu ya taifa, apate kusikiliza. Mwenza wake alijiungia wa kwake, amsikilize anavyosikiliza. Asubuhi wanaingia kazini, wanachomeka wote, mtandao wa nchi nzima unazimia. Jioni wanachomoa, unapumua. Nyaya zilikuwa zinaingia kwenye jengo lile kupitia madirishani, nyingi, ndege wanajenga humo. Wengi wetu tulisema ni antena za kuangalia mpira. Mimi sioni kosa la maofisa, walikuwa wanaipenda nchi wote kwa wakati mmoja.

Bi Stumai aliitazama ile nukta, nikamwona anaanza kupumua vizuri. Aliamini imekwisha.

"Waheshimiwa," alisema, "mtandao unakatikia pale. Haukatikii kwenye nguzo. Mdogo wangu hajawahi kufanya kazi kwenye jengo lile."

Kanali Ngwesheni aliinuka. Hakuwa na haya wala wasiwasi. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa.

"Mtuhumiwa yuko wapi sasa hivi?" aliuliza.

Wanakamati wakainamia viatu vyao tena.

"Bi Stumai. Shomari Kilongo yuko wapi?"

"Yuko kwenu," alisema.

"Jengo gani?"

Bi Stumai akageuka kuitazama ile nukta.

"Basi," Kanali akasema, akaigonga ile nukta kwa kidole. "Huyu hapa. Tumemfungia chini ya ardhi, hana ngazi, hana koleo, na bado anakata. Nilijua ni mtu hatari. Sikujua ni hatari hivi."

"Afande, kabla hamjamchukua alikuwa nje, na mtandao ulikuwa unakatika."

"Alipokuwa nje alikatia nje. Sasa yuko ndani, anakatia ndani. Na jioni unarudi kwa sababu analala." Akaigeukia Kamati. "Programu hii ni nzuri sana. Tuiombe radhi."

Kamati ikaafiki. Waziri akasema Siku ya Taifa iko mbali mno kwa hatari ya namna hii, ingefaa kijana asikilizwe kesho, bila gwaride. Kukawa na minong'ono ya kukubali. Watu walianza kukusanya miwani.

Nilikuwa nimesimama karibu na Bi Stumai kuliko mtu yeyote. Nilimwona anaishika meza. Nilidhani anaanguka, nikawa nawaza niandikeje. Lakini akainua uso, na uso huo ulikuwa mkavu kabisa.

"Afande, nakubali," alisema. "Ni yeye."

Kinasa sauti cha Idara kikasogezwa karibu naye.

"Nimemlea, namjua," akaendelea. "Tangu mdogo alikuwa akipita karibu na redio, inazima. Nilimficha, nikasema ni mtoto. Ana uwezo huo, na ni mbaya. Lakini nina hofu moja, nisiposema nitakuwa sikuitendea haki nchi."

"Sema."

"Hata mkimuua kesho, mtamzika wapi? Makaburi yote ya mji huu yamepitiwa na kebo chini. Akiwa hai analala jioni, angalau mtandao unarudi. Akifa halali."

Kamati nzima ilisisimka. Mheshimiwa Kidundo aliinua miguu yake kutoka sakafuni, akaiweka kwenye kiti cha jirani.

"Tumpeleke wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mheshimiwa, iko sehemu moja tu nchini ambayo haina waya wa aina yoyote. Ni Lukumbi, milimani, kwetu tulikozaliwa. Wizara yako imekuwa ikituahidi laini kila mwaka."

Waziri akajaa tabasamu. "Tulikuwa tunapahifadhi," alisema.

Ikaafikiwa kwamba Shomari Kilongo apelekwe Lukumbi akaishi huko mpaka kufa kwake, mbali na kitu chochote anachoweza kukata, na dada yake asikanyage huko wala asimpelekee salamu, isije ikawa njia ya uwezo wake kurudi mjini. Bi Stumai aliafiki kwa sauti. Kwetu mtu akiafiki kwa sauti hupigiwa makofi, wakampigia.

*

Mimi nikaamriwa kwenda na gari la Idara, kwa kuwa jambo linamhusu mtu wangu. Bi Mwanahawa akaja kwa kuwa nakwenda mimi. Shomari aliwekwa nyuma, amefungwa mikono kwa mipira kwa ajili ya kuzuia umeme. Alikuwa kijana mwembamba, ndevu zimemjaa, anapepesa macho kwa jua. Hakuna aliyemweleza anapelekwa wapi. Sheria inataka mtu asomewe sababu, basi dereva akaweka ule mkanda wa kinasa sauti.

Shomari akaisikia sauti ya dada yake. Ni yeye. Nimemlea, namjua. Ana uwezo huo, na ni mbaya. Mkanda uliishia hapo, maana Idara huwa inakata sehemu zisizo na kosa.

Tulikwenda muda mrefu, barabara inapanda. Mwishowe akauliza, "Mzee wangu, hii ni sauti yake kweli?"

Ningeweza kumwambia mengi. Ningeweza kumwambia alivyoishika ile meza. Lakini dereva alikuwa anatutazama kwenye kioo, na sindano za Bi Mwanahawa zilikuwa zimesimama.

"Ni yake," nilimjibu. "Nilikuwepo."

Akageuza uso nje. Lukumbi ni mahali pazuri, pana baridi na mashamba ya viazi. Watu walitoka kumpokea, wakamfungua mikono, bibi mmoja akamvika shuka. Alikuwa huru kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Tulipokuwa tunageuza gari akaja mpaka dirishani kwangu.

"Mwambie hana ndugu," alisema. "Asinitafute."

Mvua zilituchelewesha njiani. Tuliporudi mjini, mtandao ulikuwa umekatika tena, nukta ileile, jengo lilelile. Kanali Ngwesheni alishangaa siku moja tu, kisha akagundua kwamba Shomari alikuwa ameacha wanafunzi humo, akaanza kuwapumzisha maofisa wake mmoja mmoja. Kila ofisa alipoteremshwa chini, waya wake ulichomolewa, na mtandao ukaanza kupata nafuu. Mheshimiwa Kidundo alipewa nishani. Programu iliachwa kwenye mtindo wa pili, kwa kuwa kuuondoa kungekuwa ni kuchagua. Kwenye taarifa rasmi bado ni mtego.

Bi Stumai alikuwa mezani kwake. Alikuwa ameandaa chai, vikombe vitatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitutazama mpaka tukakaa.

"Amefika?" aliuliza.

"Amefika salama. Wamempokea."

"Amesema nini?"

Miaka yote ya kazi sijawahi kubadilisha neno la mtu. Mwenza akibadilisha neno, kwake kumekwisha. Nilimwona yule mama nyuma yangu kwa pembe ya jicho, kitambaa mapajani, ananisubiri.

"Amesema anakushukuru," nikasema. "Amesema ameelewa."

Nikasikia kiti kinalia nyuma yangu, na Bi Mwanahawa, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza kazini, akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo alivyosema. Nami nilisikia hivyo hivyo."

Nilitaka kulia. Nilidhani Bi Stumai naye angelia, nikawa tayari nisiandike. Lakini alibaki akimtazama Bi Mwanahawa, halafu akanitazama mimi, halafu Bi Mwanahawa tena. Alikuwa ameishi nchi yetu maisha yake yote, na hakuwahi kuona mtu na mwenza wake wakisema jambo moja bila hata kubishana kidogo.

Akakisukuma kikombe chake kando.

"Mlipanga lini?" akauliza.